Pingamizi la Jumapili ya Tatu

Jumatatu, 5 Mei

Mama mpenzi,

Shikamoo. Goti linasemaje? Na kifua? Sisi huku ni wazima, ila mama watoto ana mafua na mimi usingizi umenihama. Wajukuu wanakusalimu. Yule mdogo amenishika suruali nikuandikie kwamba jino lake limetoka, basi nimeandika.

Sikupigi simu kwa sababu ile ile. Ukishika simu wewe unaweka spika, na ukiweka spika mtaa mzima unajua mwanao amekula nini.

Nina habari mbili. Ya kwanza utaipenda. Baraza la wazee limenipendekeza niwe mzee wa kanisa, na jana jina langu limesomwa mara ya kwanza. Utaratibu unaujua kuliko mimi, maana ulikuwa mke wa mzee wa kanisa miaka ishirini na miwili: jina linasomwa mimbarini Jumapili tatu, na kila mara mchungaji anauliza kama kuna mwenye pingamizi juu ya imani au mwenendo wa ndugu huyu. Asipotokea mtu, Jumapili ya nne anawekewa mikono. Jana aliuliza, akanyamaza kidogo, akaendelea na matangazo. Mama, kile kimya kilikuwa kirefu. Shati lilinilowa mgongoni.

Ya pili ni mbaya. Jumatano iliyopita, katika lile jengo la ghorofa nane ninalolihudumia, lifti moja kati ya mbili ilishuka yenyewe mlango ukiwa wazi. Mama wa usafi alikuwa anatoka ghorofa ya nne na ndoo yake, mguu mmoja nje, mmoja ndani, na nyuma yake watu saba. Lifti ikazama, mguu ukabanwa. Yuko hospitali na madaktari hawajasema kama mguu utapona.

Wamemkamata mlinzi wa mlangoni. Ni yule ninayemwita Hesabu, kwa sababu kazi yake ni kuhesabu wanaoingia kwenye lifti, na anahesabu kwa sauti kama mwalimu wa chekechea: sita, saba, nane, dada wewe subiri. Lifti inabeba wanane. Wanasema alizidisha watu. Wanasema hivyo kwa sababu kadi ya ukaguzi iliyobandikwa chumba cha mashine inaonyesha breki ilipimwa siku nne kabla, ikaonekana nzima. Kadi hiyo ina sahihi yangu.

Mwombee huyo mama. Mwombee na Hesabu. Mimi pia uniombee, maana naogopa kupanda lifti zangu mwenyewe, siku hizi napanda ngazi.

Mwanao,
Fundi


Jumatano, 7 Mei

Mwanangu Fundi, au nikuite Mzee?

Marahaba. Goti lipo, linanikumbusha kila nikiinuka. Kifua kimetulia. Mwambie mjukuu wangu jino nimelipokea kwa furaha, na mama watoto anywe vitu vya moto aache kiburi.

Dereva wa basi alinipa barua yako saa nne asubuhi. Saa tano chama kizima cha akina mama kilikuwa kinajua. Usinune! Nilijizuia dakika hamsini nzima, na wewe unanijua, hiyo kwangu ni rekodi. Walipiga vigelegele mpaka jirani akatoka nje na sabuni usoni. Nimetoa kile kitambaa cha buluu nishone gauni. Siku ya kuwekewa mikono nitakaa mbele kabisa, na asiyeniona hana macho.

Habari ya yule mama wa usafi imeniumiza. Tumemwombea. Lakini mwanangu, ashukuriwe Mungu kwamba kadi yako ni safi. Wangapi wa kazi yako saa hizi wangekuwa mahabusu? Niliwaambia wenzangu: mwanangu huyu hata akitengeneza saa ya ukutani anaandika tarehe nyuma yake. Huyo mlinzi naye, kama alizidisha watu, atasema mwenyewe. Kila mtu na mzigo wake.

Ila kuna kitu kinanisumbua. Pale ulipoandika "sahihi yangu" kalamu imechimba karatasi mpaka upande wa pili. Nimekuzaa mimi, hukuokotwa. Una nini?

Mama yako


Ijumaa, 9 Mei

Mama, shikamoo.

Leo sitauliza habari za goti, utanisamehe. Ukimaliza kusoma barua hii ichome. Hapana, usichome. Sijui, fanya utakavyoona.

Sikupima breki.

Ngoja nikueleze vizuri. Kupima breki ya lifti kunachukua saa moja na nusu. Unabeba vyuma vya uzani kutoka stoo, unavipakia, unaipandisha lifti na mzigo wake, unakata umeme wa mota, halafu unasimama chumba cha mashine kutazama kama breki itashika. Ni kazi ya jasho. Miaka tisa nimeifanya kila mwezi na miaka tisa breki imeshika. Jumamosi ile nilikuwa nimebakiza hiyo tu, kwa lifti zote mbili, na ilikuwa saa nane kasoro mchana. Saa tisa baraza la wazee lilikuwa linaningoja kunihoji mambo ya imani kabla ya kunipendekeza.

Unajua sijawahi kuchelewa kanisani. Watu wanarekebisha saa zao wakiniona naingia, na mimi nimekuwa nikijifanya silioni hilo huku nalifurahia moyoni. Nikasema siwezi kusimama mbele ya wazee nimechelewa na shati lina grisi. Nikaandika "breki imepimwa, nzima", nikatia sahihi, kadi ya kwanza na ya pili. Nikaenda kuoga.

Na unajua swali la kwanza waliloniuliza? Unyenyekevu ni nini. Nilijibu vizuri sana, Mama. Mzee mmoja alifuta machozi.

Siku ya ajali nilimkuta Hesabu amekaa kwenye ngazi, kofia mkononi, polisi wamesimama kando. Akanishika mkono. "Fundi, breki ulipima?" Nikamjibu, "Kadi inasema nini?" Hata ndiyo sikuitamka, niliona nikisema ndiyo nitakuwa nimesema uongo. Unaona akili za mtu mwenye hofu? Akainamisha kichwa. "Basi ni mimi," akasema. "Wewe ni mtu wa Mungu, huwezi kuandika kitu ambacho hukufanya. Nilihesabu wanane, lakini labda niliruka mtu." Akaanza kuwahesabu upya kwa vidole: mama wa usafi, karani, yule mzee wa fimbo. Nikamwacha anahesabu.

Kuna zaidi. Bosi alinituma mimi mwenyewe nikaifungue ile breki niandike ripoti. Pedi zake, zile zinazobana, zimelika mpaka chuma. Nikaandika zimelika ghafla kwa sababu ya mzigo kuzidi. Kwa hiyo nimemsukumia Hesabu kosa langu mara mbili. Jana wamemtoa kwa dhamana, lakini kazi hana tena. Lifti ya pili wameifunga, wanasema wiki ijayo Alhamisi itaanza kufanya kazi, na kadi yake ina uongo ule ule.

Nikisema ukweli nafukuzwa, na pengine nafungwa. Nina watoto watatu. Mwaka wa nne sasa nawafundisha vijana kanisani kwamba moyo wa mwanadamu umeharibika kabisa, kumbe nilikuwa nazungumzia mioyo ya watu wengine. Naogopa polisi. Naogopa bosi. Lakini ninaloliogopa zaidi ni mchungaji kusema tena lile neno, pingamizi.

Jumapili hii linasomwa mara ya pili. Nifanye nini, Mama?

Mwanao


Jumapili, 11 Mei

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena.

Nisikilize. Nyamaza kwanza. Sisemi nyamaza milele, nasema kwanza. Aliyekosewa ni Mungu, na Mungu unaweza kumwambia chumbani umefunga mlango. Mwambie, lia, tubu, yeye ni mwenye rehema. Ukishawekewa mikono, mambo yakapoa, tutatafuta namna ya kumsaidia huyo mlinzi, hata kumtafutia kazi nyingine. Ukisema leo nani atafaidika? Mguu wa yule mama utapona haraka kwa sababu wewe uko ndani? Watoto wako watakula nini?

Na mimi je? Watu nimeshawaambia. Leo mke wa mchungaji wetu amenikumbatia mbele ya kanisa zima. Uso huu nitauweka wapi?

Hiyo lifti ya pili nenda kaipime kimya kimya, uitengeneze, asiumie mtu mwingine. Hapo utakuwa umeondoa hatari na Mungu anaona. Nakuomba kwa maziwa niliyokunyonyesha. Hata baba yako angekuwepo angekuambia hivihivi.

Nimeandika sentensi hiyo ya mwisho na nimeitazama muda mrefu. Haidhuru, dereva anasubiri nje.

Mama yako


Alhamisi, 15 Mei

Mama, shikamoo. Natumaini umeamka salama.

Barua yako ilinifikia juzi, nami nimefanya ulivyosema.

Jana asubuhi nilipakia vyuma vyote kwenye lifti ya pili, nikaipandisha, nikakata umeme. Breki ilishika, halafu ikaanza kuteleza, taratibu, kama mzazi anayetoka kitandani asimwamshe mtoto. Nilisimama pale nimekodoa macho. Leo ingekuwa imejaa watu, Mama. Nikabadilisha pedi. Nikapima mara tatu, mara zote ikashika vizuri. Nikakaa sakafuni chumba cha mashine, nikacheka peke yangu kama kichaa. Nilijiona nimesamehewa. Kwa saa nzima nilikuwa mtu mwema.

Jioni wakaja wazee wawili. Ni ile ziara ya kila nyumba kabla ya Meza ya Bwana, na mimi ziara hiyo huwa naipenda. Mama watoto akaleta chai. Wakauliza lile swali wanalouliza kila nyumba: una amani na Mungu? Una amani na watu? Nikasema ndiyo. Mama watoto akanitazama. Hajui chochote, lakini alinitazama, kikombe kikasimama hewani. Kisha wale wazee wakaomba, na katika maombi wakamshukuru Mungu kwa uaminifu wangu kazini. Kazini! Nikasema amina, tena kwa sauti.

Jumapili jina lilisomwa mara ya pili. Kimya. Hata kukohoa hakuna.

Leo nimepata habari kwamba mguu wa mama wa usafi wameukata chini ya goti.

Mwanzoni nilikuwa naogopa kugundulika. Sasa hivi naogopa nisigundulike. Naogopa nitawekewa mikono, nitakaa benchi la wazee, nitazeekea pale nikiwauliza watu kama wana amani, na hakuna atakayejua. Itafika siku hata mimi nitaamini kwamba nilipima. Mama, hilo ndilo linanitisha kuliko jela. Nikiomba, maneno yanatoka vizuri kabisa, na ninajua hayafiki popote.

Nijibu kabla ya Jumapili, tafadhali. Nakuheshimu, sitaki kufanya kitu nyuma yako.

Mwanao


Jumamosi, 17 Mei

Mwanangu,

Salamu baadaye. Usinisikilize. Ile barua yangu ya Jumapili ichane.

Mimi mwenyewe nimeonyeshwa juzi. Mwezi huu zamu ya kuongoza maombi ya akina mama ni yangu. Alhamisi nikasimama, nikafumba macho, nikaanza: Bwana, tupe mioyo minyenyekevu. Ulimi ukafa pale pale. Nikabaki kinywa wazi. Wenzangu wakadhani nimeguswa, mmoja akaanzisha wimbo, wengine wakalia. Nilikuwa nimebanwa na uongo wangu, mwanangu, basi. Hata baada ya hapo nimekaa siku mbili bila kukuandikia, nikijiambia labda itapita. Leo nimesoma ya mguu.

Aliyekuandikia unyamaze hakuwa mama aliyekufundisha kuomba. Alikuwa mama anayetaka kuitwa mama wa mzee wa kanisa. Nilijali gauni langu kuliko mtu aliyevuliwa kazi yake. Na baba yako nimemsingizia, maskini ya Mungu, hawezi hata kujitetea. Asingesema vile. Angekushika mkono mkaenda wote wawili.

Naogopa sana. Naogopa watakufunga. Lakini ukinyamaza kwa sababu yangu nitakuwa nimekupoteza ungali umekaa mbele yangu. Nenda ukaseme. Nampa dereva barua hii sasa hivi na nimemwapisha aifikishe kabla ya ibada.

Mama yako


Jumatano, 21 Mei

Mama yangu,

Shikamoo. Barua yako ya Jumamosi nimeipata jana, Jumanne. Basi liliharibika njiani, dereva alilala porini siku mbili akiilinda mizigo ya watu. Kwa hiyo Jumapili niliingia kanisani na ile barua nyingine mfukoni, ile ya nyamaza. Nataka ujue hivyo, nisije nikajisifu kwamba ni ujasiri. Nilikuwa naogopa kukuasi wewe kama nilivyoogopa mengine yote.

Asubuhi kabla ya ibada nilimwambia mama watoto. Alikuwa anamsuka binti yetu. Hakuacha kusuka. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Yule mlinzi ana watoto?" Nikasema wawili. Akasema, "Haya, vaa viatu, tutachelewa."

Mchungaji akasoma jina langu. Akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Nikasimama. "Mimi ninalo," nikasema. Watu wakacheka, Mama! Walidhani natania, au natoa zile heshima za kusema sistahili. Mzee mmoja akanipungia mkono, akaninong'oneza, "Kaa, kaa, sote hatustahili." Na mimi nusura nikae. Nilishukuru kwa sekunde moja kwamba wamenipa njia.

Nikaanza upya. Nikasema sikupima breki, niliandika nimepima, na mama mmoja amekatwa mguu, na mwenzangu amefukuzwa kazi kwa kosa langu, na Jumatano niliwadanganya wazee sebuleni kwangu. Hapo hakucheka mtu. Unajua kitu cha aibu kuliko vyote? Nilipokuwa nasema, ndani yangu kuna mtu alikuwa anasikiliza na kusema, tazama, unatubu vizuri kweli. Hata pale! Nikanyamaza katikati ya sentensi kwa hofu ya moyo wangu mwenyewe, nikakaa. Mchungaji hakuhubiri alichokuwa ameandaa. Alisali, akatuambia tuimbe.

Baada ya ibada wazee waliniita ndani. Mmoja alinikaripia kwamba nilipaswa kwenda kwao kwanza, na ni kweli. Jina limeondolewa, na Mezani sitashiriki mpaka watakaponiambia. Hawakunitukana. Yule aliyelia siku ya mahojiano alilia tena, safari hii hakunitazama.

Kutoka hapo nikaenda kwa Hesabu. Nyumba ya mlango wa kijani nyuma ya mashine ya kusaga. Alifungua mwenyewe, amevaa fulana, akafurahi kuniona, Mama, akafurahi! "Karibu Fundi, umekuja kuniombea?" Nikamwambia mlangoni pale pale, nikijua nikiingia nitakaa, nikikaa nitaletewa maji, nikinywa maji sitaweza.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakupiga kelele. Akasema, "Siku kumi na nane. Siku kumi na nane nimepiga magoti kumwomba Mungu anisamehe mguu wa yule mama. Nimemwambia mke wangu asiniachie watoto, mimi ni mtu nisiyejua kuhesabu. Kumbe nilikuwa naomba msamaha wa dhambi yako." Kisha akafunga mlango, taratibu, hakuubamiza. Nilisimama pale. Ndani nikamsikia anamwita mke wake, halafu nikasikia mwanaume mzima analia.

Jumatatu nikaenda polisi na kwa bosi. Kazi imekwisha. Niko nje kwa dhamana ya kaka yake mama watoto. Kesi itasikilizwa mwezi ujao, na wakili anasema miaka miwili, au mitatu. Wamemfutia Hesabu mashitaka. Kwa mama wa usafi sijaenda, ndugu zake wamesema nisikanyage, nami nimetii.

Nilidhani nikisema hofu itaondoka. Haijaondoka. Naogopa jela, naogopa wanangu watakavyoitwa shuleni. Nikifumba macho nasikia ule mlango unavyofungwa. Kitu kimoja tu kimebadilika: nikiomba sasa maneno hayatoki vizuri. Nasema "Baba" tu, nakwama, na najisikia kama mtu anayesikilizwa. Lakini mara nyingine najiuliza kama amenitupa. Niambie ukweli, Mama.

Mwanao


Jumapili, 25 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mbusu mama watoto kwa niaba yangu, mwambie nimeelewa sasa nilipata mkwe wa namna gani.

Leo ndiyo siku uliyokuwa uwekewe mikono. Gauni la buluu liko kwenye cherehani halijakatwa shingo, na litabaki hivyo. Baada ya ibada niliwaomba akina mama wabaki. Nikawaambia yako, maana wengine walishaanza kunong'ona, kisha nikawaambia yangu: kwamba mwanangu aliniuliza la kufanya nami nikamwambia anyamaze, nikitumia jina la Mungu na la marehemu. Mmoja aliinuka akatoka. Mke wa mchungaji alikuja akakaa karibu nami. Nimerudi nyumbani nimekunywa maji vikombe vitatu.

Unauliza kama Mungu amekutupa. Mimi na baba yako tulikufundisha katekisimu jikoni, na ulijibu yote bila kukosea. Nadhani hapo ndipo tulipoharibu, tulikusifu mno kwa majibu. Mwanangu, hakuna aliyepokelewa kwa kadi safi. Yangu ina miaka sitini na nane ya sahihi za uongo, na Jumapili nyingi nimeipeperusha mbele ya watu. Aliyebeba mzigo wetu wote na kushika ni mmoja tu, na hakukushika kwa sababu ulijibu vizuri. Hawezi kukuachia leo umekosea. Hilo naliamini hata saa hii ninapoogopa, na sina lingine la kukupa.

Nakuja Jumanne. Usije kunipokea stendi, na chakula msiniwekee, kwa sababu siji kwenu kwanza. Umeniandikia mwenyewe: mlango wa kijani, nyuma ya mashine ya kusaga. Naenda huko.

Barua yangu ilikufikia tarehe kumi na tatu, na uliongea tarehe kumi na nane. Siku tano kati ya zile alizopiga magoti ni zangu. Lazima azijue ni za nani.

Anaweza kunifungia mlango, ni haki yake. Nimejaribu kupanga maneno tangu mchana na kila ninachopanga kinatoka kama hotuba ya chama cha akina mama. Nimeyaacha. Nimezaa watoto watano na sijawahi kuogopa kitu kama ninavyouogopa mlango ule. Nitapiga hodi, halafu nitasubiri.

Mama yako